Unaswali wapi humo?

Simu ilikuwa mkononi mwa mume wangu, mimi nakaanga mayai. Mama alikuwa Tanga, barazani kwake, na alitaka aonyeshwe "hilo gari mnalolala." Mume wangu akamtembeza pole pole: jiko la meko mawili, sinki, makabati ya juu, kitanda kule nyuma, mlango wa pembeni wa kuvuta, na nje ya mlango majani mabichi mpaka kwenye maji ya mto Mosel. Mama anasifu tu. Mashallah. Mashallah. Kamera ikateremka kidogo, akamwona mbwa wetu, Bruno, kajinyoosha sakafuni, kidevu juu ya kandambili zangu.

Kimya. Kisha:

"Mwanangu, unaswali wapi humo?"

Nikajibu harakaharaka kwamba tunaswali nje, chini ya turubai, peupe kabisa. Akasema haya. Akauliza kama kuna baridi, akauliza mayai yanauzwaje huku, akaaga.

Swali halikuaga. Nimekuwa nalo wiki nzima, na ya pili, na ya tatu, kwenye treni, kazini, na hasa kila nikitandika mswala.

## Amana ya bibi wa chini

Mtu wa Pwani hana haja ya kuelezwa habari za mbwa. Tunaopita hapa tunajua tulivyolelewa.

Bruno hatukumnunua. Alikuwa wa bibi wa ghorofa ya chini, hapa Bonn, bibi aliyetupokelea vifurushi miaka yote, na aliyenisahihishia barua zangu za kuomba kazi kwa kalamu nyekundu. Alipohamia nyumba ya wazee, kule hawakubali wanyama wakubwa. Akanishika mkono kwenye ngazi, hakusema mengi. Nilimpigia mama siku hiyo hiyo nikitaraji aniambie nikatae. Akavuta pumzi ndefu, akasema jirani akikukabidhi amana huwezi kumrudishia mlangoni, lakini chumbani asiingie.

Basi chumbani haingii. Ukumbi ni wake. Ana bakuli lake, taulo lake, na kibati cha kodi shingoni, maana Ujerumani mbwa analipiwa kodi kila mwaka kwa halmashauri. Sisi tunaswali chumbani, mlango umefungwa. Nyumba ikatulia. Hata wageni wetu wa Kizanzibari, ambao mwanzoni walikuwa wakisimama kizingitini wamekunja kanzu, walizoea.

Tatizo ni kwamba kampavani, gari lile la kulala, haina ukumbi.

## Mita sita

Gari tulilokodi lina mita sita kasoro kidogo. Viti viwili vya mbele vinageuka kutazama meza, katikati ni jiko upande mmoja na choo upande wa pili, nyuma kabisa kitanda kimewekwa kwa mapana, na chini ya kitanda ni stoo. Ujia wa katikati ukisimama na mtu mwingine, mmoja wenu lazima akae. Kusujudu ndani ya ujia ule ni lazima uchague kati ya kichwa na miguu.

Nikawa najiuliza mambo ambayo maalimu wangu hakuwahi kuulizwa. Tumesikia sote kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Je, hii ni nyumba? Ikiwa barabarani ni chombo, kama basi la mkoani. Ikishafika kambini, ukachomeka umeme, ukafungua turubai na kuanika taulo, ni nyumba. Sheria ya barabarani ya Wajerumani nayo ina lake: mbwa ndani ya gari anahesabiwa mzigo, na mzigo lazima ufungwe usije ukaruka ukimpiga dereva. Kwa hiyo kutoka Bonn mpaka Koblenz, na kutoka Koblenz kufuata Mosel kwenda Cochem, Bruno alikuwa mzigo. Tulipozima injini akageuka mkazi.

Mume wangu, ambaye hupenda kushinda mabishano kwa aya moja, alinikumbusha Watu wa Pangoni, wale wa kwenye Kurani. "Wacha Mungu wale walilala na mbwa wao miaka mia tatu."

Nikamwambia asome vizuri. Wao walilala ndani, mbwa alinyoosha mikono yake kizingitini.

Hakunijibu. Alikwenda kupima kizingiti cha gari letu. Ni ngazi ya chuma, upana wa sentimita hamsini hivi, na Bruno ana kilo thelathini na nne.

## Kikavu na kibichi

Chuo cha Kurani kwetu Ngamiani, Tanga, tuliimba kanuni hii kabla hatujajua maana yake: kikavu kwa kikavu hakuna kunajisika. Mbwa mkavu akikugusa nawe mkavu, kung'uta nguo uende zako. Balaa ni umajimaji: mate, pua, manyoya yaliyolowa. Hapo ndipo unaosha mara saba, moja kwa udongo.

Kwa kanuni hiyo, Mshafii (mfuasi wa Imamu Shafii, kama sisi) mwenye mbwa angekwenda likizo jangwani.

Sisi tumekwenda mtoni. Tena mto wenyewe ni Mosel, ambao hauna haraka. Unatoka milima ya Vosges huko Ufaransa, unapita mpakani mwa Luxemburg, unakwenda kuingia Rhein pale Koblenz, na tangu 1964 umewekewa mabwawa na milango ya kupandishia meli, kumi kwa upande wa Ujerumani peke yake. Kati ya mlango na mlango maji yamelala. Ndiyo maana kambi zimejipanga ukingoni, na ndiyo maana kila mbwa wa kambi anashinda majini kuanzia asubuhi. Kinachowatoa ni meli za mizigo. Meli ikikaribia, maji kwanza yanarudi nyuma, mawe ya ukingoni yanabaki wazi, halafu yanakuja kwa mkupuo. Bruno aliijua hesabu hiyo siku ya kwanza. Maji yakianza kurudi, anatoka mbio, anapanda majanini, anatafuta mtu wa kujikung'utia.

Mto wenyewe haunitii wasiwasi. Maji mengi hayanajisiki kwa kuguswa, hata waoge mbwa mia. Lakini tangi la gari letu ni lita mia. Kulateni, kipimo kinachotenga maji mengi na machache, kwa hesabu za masheikh wengi wa sasa, ni lita mia mbili au karibu na hapo, kwa hiyo maji yote ya nyumba yetu yalikuwa "maji machache" ya kitabuni, yanayoharibika kwa tone. Na unayajaza kwa mpira wa bomba la kambi, ambao ncha yake inalala majanini, na hakuna kitu Bruno anachokipenda kama kunywa kwenye mpira.

Mniwazie basi: mwanamke amevaa baibui, amesimama kambini saa mbili asubuhi, ameinua ncha ya mpira juu ya kichwa kwa mkono mmoja, wa pili unamzuia mbwa. Mzee mmoja alipita na sabuni yake akielekea bafuni, akanisalimia kwa adabu kubwa.

## Kibla kwa Waholanzi

Jioni ya Juni kule ni ndefu mno. Maghribi inaingia saa nne kasorobo usiku, na alfajiri inakufuata saa tisa na ushei. Katikati hakuna usingizi wa maana. Kwa hiyo saa za kuswali ndizo saa za watu kukaa nje ya magari yao na chupa mezani, maana bonde zima lile ni zabibu na mvinyo, kuanzia kilimani mpaka dukani.

Kibla kutoka Cochem ni kusini mashariki. Kusini mashariki yetu walikaa bibi na bwana wa Kiholanzi, mezani kwao, umbali wa hatua nane. Kila tukisimama kuswali tunakuwa kama tunawasimamia wao. Siku ya kwanza walijifanya hawaoni. Siku ya pili yule bwana akaja, akauliza kwa Kijerumani chake cha kuungaunga kama upande ule tunauhitaji. Nikamweleza. Akarudi, akasema na mkewe, wakabeba meza, viti, baiskeli mbili na sufuria ya maua (Waholanzi hawa husafiri na maua), wakahamia upande wa pili wa karavani yao. Hawakusema neno zaidi.

Jioni ile Bruno tulimfunga nyuma ya gari, mkavu, kapigwa brashi. Nikatandika. Nilikuwa nimetulia kweli, kwa mara ya kwanza tangu simu ya mama.

Mume wangu yuko kwenye sijida ya pili, nasikia vijiguu nyuma yangu.

Alikuwa kimbwa cha Waholanzi, cheupe, kadogo, kametoka mtoni muda huo huo. Kakapita katikati yetu, kakasimama kwenye mswala wa mume wangu, kakajikung'uta kwa bidii zote.

Sikuweza kumaliza swala. Nilicheka. Astaghfirullah, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkione. Mume wangu aliuchukua mswala mpaka kwenye bomba la kuoshea vyombo vya nje, kisha akakumbuka udongo. Udongo wa Mosel si udongo tunaoujua. Kwenye zile shamba za zabibu za mlimani ni vipande vya mawe meusi, bapa, vinavyoteleza. Ukivisugua kwenye kitambaa vinakitoboa. Ikabidi ateremke ukingoni akachote tope. Akalipaka mswalani, akalisugua kwa kiganja, akasuuza, akahesabu kwa sauti. Yule Mholanzi alifika mbio kuomba radhi ya mbwa wake, akamkuta mtu mzima anapaka tope zulia safi.

"Hii inasaidia?" akauliza.

Mume wangu akamwambia ndiyo, mara moja kati ya saba.

Mholanzi akafikiri kidogo, akaenda kuleta ndoo.

## Usiku wa mvua

Mpaka hapo ilikuwa vichekesho. Usiku wa mwisho ulinyesha.

Upepo ulipoanza tulikunja turubai, la sivyo lingeondoka na ukuta wa gari. Bruno, ambaye usiku alikuwa analala chini yake, hakuwa na pa kwenda. Watu wa Bonn, tena, mvua ya usiku kando ya mto hatuisikilizi kama zamani. Bonde la Ahr si mbali na kwetu. Usiku wa tarehe 14 Julai 2021 mto ule mdogo ulifumka na kuua zaidi ya watu 130, na kambi za ukingoni zilizolewa na magari yake. Mosel ni mto wa tabia nyingine: ni mpana, unapanda kwa siku kadhaa na taarifa zinatolewa mapema. Ukitembea Cochem utaona ukutani alama za mafuriko yake, ya Desemba 1993 iko juu ya kichwa changu. Nayajua haya yote. Hata hivyo mume wangu alikaa na simu akiangalia kimo cha maji kila nusu saa, nami nilikaa nikimwangalia yeye.

Saa saba usiku tukamwingiza Bruno. Nilikuwa nimeandaa taulo mbili mlangoni. Hakunisubiri.

Kujikung'uta kwa mbwa kunaanza puani. Kichwa kinazunguka, mabega yanafuata, mgongo, mwisho mkia, na kwa mbwa wa kilo thelathini na nne kazi hiyo inachukua muda wa kutosha wewe kuona kila tone linakokwenda. Yalikwenda kwenye vioo, kwenye mfuniko wa sufuria, kwenye mtandio wangu uliotundikwa, kwenye foronya zote mbili, na usoni mwangu.

Mara saba, moja kwa udongo. Nyumba nzima? Saa saba usiku, na lita sitini zilizobaki tangini?

Nilikaa kwenye kiti cha dereva kilichogeuzwa na sikusema kitu. Mume wangu alipangusa. Halafu akasema, taratibu, kwamba Imamu Malik, mwenye madhehebu mengine, hakumwona mbwa kuwa najisi, na kwamba Imamu Malik hakuwa mtu wa mtaani.

Ni kweli, nami najua ni kweli. Siku mbili kabla tulizungumza na kijana wa Kimorocco, mzaliwa wa Brussels, aliyekuwa na mbwa wa kuwinda kambini. Alimpapasa Bruno shingoni, akanawa mikono kwa maji ya chupa kwa sababu ya vumbi tu, akaenda kuswali. Nilimwonea wivu. Lakini kwake yeye ndivyo alivyofunzwa na bibi yake. Mimi nikikimbilia huko saa saba usiku kwa kuwa foronya zimelowa, nakuwa nimetoka kwa mlango wa dharura. Wanavyuoni wetu wanasema mashaka, yaani taabu, huleta wepesi, na hilo nalo nalijua. Ila likizo si mashaka. Mashaka haya tuliyalipia.

Hapo ndipo niliposhikwa na jambo ambalo sikuwa nimelitazama. Kilichonikera hakikuwa foronya. Nilikuwa nikijiuliza vingapi vimeshasogea bila mimi kuona. Miaka ya kwanza Ujerumani nilikuwa siwezi kukaa meza ya jirani na chupa. Siku hizi naiangalia nisiione. Je, mama alipouliza, aliuliza naswali wapi, au aliuliza kama bado naswali?

Saa tisa na nusu nilichukua nguo safi kutoka kwenye mfuko wa plastiki, nikavuka majani kwenda jengo la bafu. Nyuma ya bafu kuna chumba cha mashine za kufulia: sakafu ya vigae, kavu, joto la mashine ya kukaushia. Nikatandika taulo. Foronya zikawa zinazunguka mbele yangu, kusini mashariki kabisa, kwenye mashine ya euro tatu.

## Nilimuuliza

Swali lile nilikaa nalo mpaka likanichosha. Jumapili moja nikampigia mama. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za mafua ya shangazi, nikasema, "Mama, ile siku ulipouliza tunaswali wapi, ulikuwa na maana gani?"

"Siku gani?"

"Ya kwenye gari. Ulipomwona mbwa."

"Ah." Akafikiri. "Niliuliza sakafu. Niliona padogo. Kuswali najua unaswali, mimi si ndiye niliyekufundisha?"

Wiki zote zile! Nikataka kumkatia simu.

Akaanza, bila kuulizwa, habari za babu na shamba la Muheza. Kwamba babu alikuwa na mbwa akiitwa Simba, wa kuwinga nguruwe mwitu na nyani kwenye mihogo, na kwamba hakuna aliyemlaumu, kwani mbwa wa shamba na wa kuwinda ruhusa yake inajulikana. Kwamba masika ilipoingia Simba alikuwa akilowa na kuja kulala mlangoni, na bibi kila asubuhi analalamika anaosha mlango. Babu akakata miti minne, akaezeka makuti, akamtengenezea banda lake kandoni mwa nyumba, mlango ukitazama shamba. Simba akahamia siku hiyo hiyo.

"Nanyi mtengenezeeni banda," mama akasema. "Mna pesa za gari la kulala, hamna za banda la mbwa?"

Nikamwambia kule hairuhusiwi kujenga. Akasema yeye hakutaja kujenga.

Tumekubaliana hivi, mimi na mume wangu, baada ya majadiliano marefu kuhusu magari yenye stoo ya mlango wake peke yake (bei zake hazisemeki). Imamu Malik tumemweka akiba. Mume wangu anaweza kumtumia akitaka, simkatazi, na foronya zangu atanipa nifue kivyangu. Septemba tunakwenda mto Lahn, ule unaoingia Rhein jirani na Koblenz. Gari ni la kukodi kama kawaida, lakini tumenunua hema la pembeni, lenye kuta tatu na sakafu, linalosimama peke yake hata turubai likikunjwa kwa upepo. Tumelijaribu bustanini. Bruno aliingia, akazunguka mara mbili, akalala.

Fomu ya kambi iliuliza watu wazima wangapi, mbwa wangapi, mahema ya ziada mangapi. Nikajaza mbili, moja, moja. Mbwa ni euro tatu kwa usiku. Hema lake ni euro nne.